Mnara wa Wiki ya Matanga

Voi,
Jumapili, 9 Februari 2025

Shangazi Edith mpendwa,

Shikamoo. Nimemwomba Moureen wa zahanati akukabidhi barua hii kabla hujamwekea chai, maana akishaketi kwako husahau hata mkoba wake. Sisi huku tunaendelea. Baba anakohoa lakini anasema ni vumbi la karakana tu. Sharon ameng'oka jino la mbele, na tangu Jumapili iliyopita haimbi kanisani, anafungua mdomo kidogo kama samaki. Mimi nilipata B ya kutoa. Baba aliyasoma matokeo mara tatu kwenye simu, kisha akatoka nje akasimama tu. Sijui kama alifurahi. Wewe unamjua ndugu yako.

Pole tena kwa msiba wa mzee Kiema. Nilisikitika kwamba sikufika kumzika.

Najua ungependa nikupigie kwa simu ya Moureen, kwa kuwa yako bado iko chini ya udongo pale ilipokanyagwa na ndovu. Lakini kwenye simu mimi huishiwa na maneno. Katika barua naweza kufuta.

Sasa neno lenyewe. Nimepata mahali pa kujitolea mpaka chuo kifunguliwe Septemba. Ni ofisi ya ule mradi wa uzio wa umeme wa kuzuia ndovu. Mkubwa wetu ni Bw. Nicholas, na dada wa takwimu anaitwa Koki. Kazi yangu ni kuchora grafu. Kila kijiji kina mtu anayeandika siku ambazo ndovu wameingia mashambani. Mimi naingiza tarehe hizo kwenye kompyuta nayo inachora: kila wiki inasimamishiwa mnara wake, na wiki mbaya mnara wake ni mrefu. Juu kuna mstari mwekundu. Vijiji ambavyo minara yake inavuka mstari huo mara nyingi ndivyo vitakavyozungushiwa uzio kwanza. Vijiji ni sita. Waya uliopo unatosha vitatu, na vitatu hivyo vitamalizwa kabla ya mvua za vuli.

Shida ni Kilulunyi. Mwandishi wenu alikuwa mzee Kiema, na daftari lake la mwisho lililotufikia linaishia Novemba. Kuanzia Desemba grafu yenu ni tupu. Mtu asiyewajua atadhani ndovu wamehama. Nakumbuka wewe huweka alama kwenye kalenda ya kanisa kila wanapoingia. Tafadhali niandikie tarehe zote, naibu wa chifu apige mhuri, zinifikie kabla ya Ijumaa tarehe 14 Machi. Koki amekubali kuzipokea.

Mtoto wa ndugu yako,
Elsie


Kilulunyi,
25 Februari 2025

Elsie mwanangu,

Marahaba. Moureen alinipa barua chai ikiwa tayari mkononi, kwa hiyo umefaulu nusu. Mwambie Francis vumbi halikohozi mtu mwezi mzima, aende akapimwe. Mwambie Sharon kwamba mimi nina mapengo manne na bado ninaongoza mapambio. Na B ya kutoa ni B. Hiyo kutoa waachie wao.

Mbuzi mweusi amezaa pacha. Mahindi ya vuli nimevuna madebe mawili, shamba zima.

Tarehe zako ziko kwenye karatasi ya pili. Naibu wa chifu amepiga mhuri baada ya kuniuliza maswali mengi kuliko ya sensa. Desemba ni siku kumi na tisa. Januari ni ishirini na mbili. Utaona kuanzia tarehe 12 hadi 18 Januari nimeweka alama kila siku, zote saba. Usidhani nimekosea. Hiyo ndiyo wiki ya matanga ya mzee Kiema. Unajua kwetu mtu akiwa hajazikwa hakuna anayeshika jembe wala kupiga debe shambani kufukuza ndovu. Sote tulikuwa kwake, tukilia na kupika. Wanawake wa kijiji jirani cha Mwambenyi walikuja na sufuria zao kutusaidia, waume zao wakabaki kulinda mashamba ya kwao. Sisi hatukuwa na wa kulinda. Ndovu wakajua. Waliingia mchana kweupe, polepole, kama na wao wamekuja kutoa pole.

Sasa nikwambie jambo ambalo nimemwambia shemeji yangu Crispus peke yake. Tangu nifiwe na mume ananiita nipande mlimani Werugha nikakae kwao. Nimemjibu kwamba uzio ukifika kabla ya vuli, nabaki hapa kwangu. Usipofika, sipandi tena mbegu katika udongo huu. Nimechoka kuwalimia wageni wasiosema asante.

Usimwambie baba yako. Nakwambia wewe kwa sababu ndiwe unayechora.

Shangazi yako,
Edith


Voi,
Jumapili, 16 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo. Baba amekataa kwenda kupimwa, anasema wewe ulikuwa ukimpeleka kwa daktari kwa nguvu tangu utotoni na imetosha. Sharon ameimba leo.

Barua yako ilinifikia Alhamisi jioni, siku moja tu kabla ya mwisho. Moureen alikuwa amezuiliwa huko na chanjo za watoto. Lakini tumewahi! Ijumaa asubuhi niliingiza tarehe zako zote. Koki hakuwepo, alikuwa amempeleka mtoto wake kliniki, na Bw. Nicholas alikuwa na gari nje linanguruma akisubiri karatasi. Nilipoandika amri ya mwisho, minara ikatokea mirefu mno. Ule wa matanga ulifika karibu na ukingo wa juu. Nikachapisha hapo hapo.

Nataka nikueleze ninavyofanya, kwa sababu hakuna mwingine wa kumweleza. Ndani ya kompyuta kuna maktaba. Si ya vitabu, ni mkusanyiko wa amri za kuchorea ambazo watu wengine waliziandika. Kuna njia mbili za kuziagiza. Njia fupi ndiyo tuliyofundishwa shuleni. Unasema tu "chora", unasema "weka kichwa", nayo inaweka kwenye ile grafu uliyoigusa mwisho. Hutaji ni ipi. Njia ndefu ni ya Koki. Kila grafu anaipa jina lake, na kila amri anaianza kwa jina hilo, kisha nukta, kisha amri. Anaandika kilulunyi.bar, mwambenyi.bar, hivyo hivyo mpaka mwisho; bar ndiyo amri ya kusimamisha minara. Wiki jana alisimama nyuma yangu akaniuliza:

"Elsie, hii amri unampa nani?"

"Naipa kompyuta."

"Kompyuta ina grafu sita mezani. Itachora kwenye ipi?"

"Kwenye ile ya sasa."

"Ya sasa ni ipi?"

Nikaitafuta kwenye skrini. Akacheka. "Msichana wewe, siku moja utamvalisha bwana harusi gauni la bibi harusi."

Lakini mimi napenda ile fupi, shangazi. Inanikumbusha nyumbani kwa bibi. Bibi hakuwa akimwita mtu jina. Alisema "leta maji", na aliye karibu naye akainuka. Hakuna aliyeuliza ni nani anayeambiwa. Jina lako ukilisikia likiitwa kwa bibi, ujue umevunja kitu. Mpaka leo nikiandika jina la kijiji mbele ya amri naona kama ninakigombeza.

Baraza la kutangaza ni Alhamisi tarehe 27, huko kwenu. Wamechapisha karatasi kubwa kama shuka, na mimi ndiye nitakayeishika juu ili watu waone. Nimemwomba Bw. Nicholas ampe mtu mwingine, akasema hakuna mwingine. Nitakuona angalau.

Elsie wako


Kilulunyi,
30 Machi 2025

Elsie mwanangu,

Salamu nyingi. Tulifurahi kukuona, ingawa gari lilikuondoa kabla hujanywa hata uji. Nilikuona vizuri, yaani nilikuona miguu na vidole, maana karatasi ilikuwa imekufunika kote. Mama mmoja nyuma yangu akauliza, "Hiyo karatasi imesimamaje yenyewe?" Nikamwambia, ndani yake kuna mtoto wa ndugu yangu. Ile sketi ya buluu imekukaa.

Mwambenyi wamechinja kwa furaha ya uzio. Nyimbo zao zilisikika mpaka huku. Ni watu wazuri, sina neno nao. Na Bw. Nicholas anasoma vizuri, sauti yake inafika.

Nina swali moja dogo, wala si la haraka. Katika grafu ya Mwambenyi kuna mnara mmoja unaofika saba. Ni wa wiki gani? Nauliza tu. Nilikuwa nimekaa mbele.

Mvua zimeanza kwa vishindo na kivuko cha mtoni kimekwenda na maji. Sijui barua hii itapita lini.

Shangazi yako,
Edith

Mbuzi pacha wanaendelea vizuri.


Voi,
Jumapili, 4 Mei 2025

Shangazi Edith,

Shikamoo. Natumaini paa halivuji. Huku mvua imebomoa choo cha jirani, lakini sisi tuko salama. Baba anakusalimu. Sharon pia.

Barua yako ilifika tarehe 26 Aprili. Moureen anasema alikaa nayo ng'ambo ya mto karibu wiki nne.

Uliuliza kuhusu ule mnara. Ni wa kuanzia tarehe 12 hadi 18 Januari. Inaonekana hitilafu ilitokea wakati wa kuchora, na tarehe za kijiji kimoja zikawekwa kwenye grafu ya kijiji kingine. Mambo kama hayo hutokea. Jambo hili litaangaliwa. Bw. Nicholas amesafiri, na akirudi ataelezwa.

Natumaini mahindi ya masika yanaendelea vizuri.

Elsie


Kilulunyi,
21 Mei 2025

Elsie mwanangu,

Paa linavuja mahali pamoja tu, juu ya kiti asichokalia mtu. Mwambie Francis nimemuota. Hakuna zaidi, nimemuota tu, alikuwa mdogo na alikuwa amevaa viatu vyangu.

Mahindi ya masika yaliendelea vizuri mpaka Jumamosi. Alfajiri hiyo waliingia kumi na wanne, na watoto wao. Waliangusha pipa la maji wakalikunja kama kopo. Muhogo wameung'oa wote, hata ule mchungu. Nilipiga debe mpaka mkono ukafa ganzi, na mkubwa wao akageuka akanitazama vile mwalimu anavyomtazama mtoto anayepiga kelele darasani. Nikaacha. Koo limekauka mpaka leo.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mtu ndani yake, sikumpata. Litaangaliwa. Ataelezwa. Sawa.

Nguzo za uzio zimeshafika Mwambenyi. Ukisimama karibu na kanisa unaziona, nyeupe, zimepangwa kama watoto wa ekaristi. Akina mama watatu wa hapa wameniambia hawatalima tena.

Sitakuuliza lolote tena kuhusu kazi yako. Ukiwa na nafasi, niandikie kuhusu Sharon.

Shangazi yako,
Edith


Voi,
Jumapili, 22 Juni 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo nitatangulia kusema kabla sijarudi nyuma.

Ni mimi. Mimi Elsie ndiye niliyechora tarehe zako juu ya grafu ya Mwambenyi. Kompyuta haikukosea. Ijumaa ile nilikuwa nimeshachora vijiji vyote sita, na grafu ya mwisho kuguswa ilikuwa ya Mwambenyi. Nilipoongeza tarehe zako nilitumia ile amri fupi, nikasema "chora" bila kuitaja Kilulunyi. Ikachora palipokuwa karibu, kama nilivyoiagiza. Minara yako mirefu ikafunika minara mifupi ya Mwambenyi. Rangi ni moja, hakuna ambaye angetambua. Nami niliona tu kwamba minara mirefu imetokea. Sikutazama imetokea wapi.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia hata Koki. Siku ya baraza, nikiwa nyuma ya ile karatasi, nilisikia Bw. Nicholas akisoma majina matatu na Kilulunyi haimo. Nilijua hapo hapo kwamba kuna kitu. Nilichotakiwa kufanya ni kuigeuza karatasi niitazame. Nikajiambia, wakubwa wanajua, labda mimi ndiye nisiyeelewa hesabu ya mstari mwekundu. Gari likaondoka. Wiki nne nzima sikufungua ile programu mpaka barua yako ilipokuja. Niliogopa kuifungua. Halafu nikakuandikia ile barua ya Mei.

Nimeenda kwa Bw. Nicholas Jumatatu iliyopita. Nilisimama mlangoni mpaka Koki akasema, "Ingia basi, au wewe ni pazia?" Nikaingia. Nikawaeleza.

"Sauti, Elsie," Bw. Nicholas akasema. "Sisikii."

Nikarudia. Mwambenyi walivuka mstari mara moja tu. Kilulunyi walivuka mara sita.

Koki alikuja akaiangalia programu yangu kwenye kompyuta, akasoma mstari kwa mstari na kidole. Alipofika pale hakunicheka. Alisema tu, "Hapa. Hukutaja." Akakaa chini.

Bw. Nicholas alivua miwani. "Mwambenyi kuna nguzo mia mbili na kumi ardhini," akasema. "Zege limeshika. Nikazing'oe? Nikasimame mbele ya watu waliochinja, niwaambie samahani, msichana wa ofisini alichora vibaya? Nao pia ndovu wanawalia mazao, Elsie, hata kama ni kidogo."

Nikamuuliza kama waya unaweza kuongezwa mpaka Kilulunyi. Akasema waya uliagizwa kwa urefu uliopimwa, hakuna uliobaki.

"Fanya hivi," akasema. "Chora upya, kwa usahihi, uweke kwenye faili. Awamu ya pili itaangalia takwimu mpya, za vuli hii. Oktoba hadi Desemba. Kilulunyi wataonekana wenyewe."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Nimechora upya. Nimeita kila grafu kwa jina lake. Ukiiona ya Kilulunyi sasa utalia, minara yake imesimama kama meno. Iko ndani ya faili la kijani, kwenye kabati, na kabati limefungwa kwa ufunguo.

Shangazi, nakuomba. Panda vuli hii. Najua ulichomwambia Crispus, lakini panda msimu mmoja tu, uendelee kuweka alama kwenye kalenda, na wale akina mama watatu nao wapande. Mkiwa na mahindi shambani, tarehe zenu zitakuja, nami nitazichora zinapostahili, na awamu ya pili itakuwa yenu. Tafadhali nijibu upesi. Nikikosa jibu lako nitamwambia baba, ingawa ulinikataza.

Baba anakohoa. Sharon hajambo, amejifunza kupiga mluzi kwenye pengo.

Elsie


Werugha,
17 Agosti 2025

Elsie mwanangu,

Kama unavyoona hapo juu, siko tena kule. Barua yako ya Juni nimeipata jana. Moureen alihamishiwa zahanati nyingine, barua ikakaa kwa naibu wa chifu chini ya kitabu cha vizazi na vifo, hata mtu mmoja anayenunua kabichi huku akapanda nayo. Mimi niliondoka Kilulunyi tarehe 12 Julai. Baba yako sasa anajua, nilimpigia kwa simu ya Crispus. Aliniuliza tu kama nina sweta.

Nina sweta. Huku ni ukungu mpaka saa nne asubuhi. Ng'ombe wa Crispus wana afya kuliko watu. Mashamba yamekatwa ngazi ngazi kwenye mlima, na kila ngazi ina mwenyewe. Nimepewa moja ya kupanda sukuma wiki. Mke wa Crispus ni mwema. Ananiuliza kila asubuhi kama nimelala vizuri, kama anavyoulizwa mgeni.

Umenieleza lako, nami nikueleze langu.

Ule mnara wa saba niliujua palepale barazani. Niliutambua kama mtu anavyoitambua sufuria yake jikoni kwa jirani. Katika vijiji vyote sita hakuna kingine kilichokuwa na wiki ya namna hiyo, kwa sababu hakuna kingine kilichokuwa na maiti. Nilinyanyua mkono. Ukafika hapa, karibu na sikio. Kisha nikaona vidole vyako kwenye ukingo wa karatasi. Nikawaza, nikisema, watauliza nani alichora, na nitalazimika kutaja jina lako mbele ya vijiji sita. Wewe mwenyewe umeandika jina linaitwa lini kwetu. Nikaushusha mkono. Naibu wa chifu alidhani nafukuza nzi.

Nilifikiri nikikuuliza kwa barua utaona mwenyewe, utarekebisha ndani ya wiki moja, na hakuna atakayejua. Hata nilijiona mwerevu. Sikuweka mvua katika hesabu. Bw. Nicholas angeulizwa siku ile, waya ulikuwa bado kwenye lori. Jambo hili nalijua kila siku ninapoamka.

Mwezi wa Mei nilikuwa na hasira nawe. Sitakudanganya. Nilikuwa nayo ya kutosha kuwafukuza ndovu. Sasa sijui imekwenda wapi, naitafuta siipati.

Umeniomba nipande vuli. Nimelisoma neno hilo mbegu zangu nikiwa nimeshazigawa. Nilikuwa na mahindi ya kienyeji aliyonipa mama yangu, yale ya rangi ya damu, na yote nilimpa mke wa mwalimu wa Mwambenyi. Nilifikiri angalau kule yana uzio. Na wale akina mama watatu wamekuwa kumi na wawili. Waliobaki Kilulunyi ni wazee wanne, na hao hawalimi. Barua yako ingenikuta mwezi Juni, sijui ningefanya nini. Huenda ningebaki. Sikuandikii hivi ili uumie, nakuandikia kwa sababu umeanza kusema kweli na sitaki niwe nyuma yako.

Kalenda ya kanisa niliiacha ukutani.

Shangazi yako,
Edith


Voi,
Jumapili, 14 Desemba 2025

Shangazi Edith mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa baridi. Baba hatimaye alipimwa. Ni pumu, amepewa dawa ya kuvuta, na sasa analala bila kuamka kukaa kitandani akikohoa. Anasema atapanda Werugha siku ya Krismasi na mimi na Sharon, mtuwekee mahali hata jikoni. Chuo nimeanza, ni hapa hapa Voi, kwa hiyo Jumamosi bado nakwenda ofisini kumsaidia Koki.

Sikuandika tangu Agosti kwa sababu nilitaka kwanza nikuletee jambo jema. Ninalo hili.

Takwimu za vuli zimeingia. Mimi na Koki tulikwenda vijiji vyote sita wenyewe, wiki hii, ili pasiwe na barua ya kuchelewa. Kilulunyi tulifika saa tano. Nyumba yako imefungwa vizuri. Shamba lako limeota nyasi fupi, na katikati kuna njia ya ndovu, imekanyagwa ikawa ngumu kama ya watu. Wanapita tu. Mzee mmoja alituambia hawasimami, hakuna cha kusimamia. Tulimuuliza mara ngapi wameharibu mazao tangu Oktoba. Akatuuliza, "Mazao gani?"

Jana tulikaa na Bw. Nicholas. Nilikuwa nimechora grafu zote. Ya Mwambenyi haina mnara hata mmoja, kwa sababu ya uzio. Ya Kilulunyi haina mnara hata mmoja. Ukiondoa vichwa, huwezi kujua ipi ni ya watu waliolindwa na ipi ni ya watu waliohama.

"Basi Kilulunyi wamepona," Bw. Nicholas akasema, akaichukua kalamu.

"Hawajapona," nikasema. Nilisema kwa sauti, shangazi, mpaka Koki akageuka. "Hakuna aliyepanda. Hakuna mtu. Wamehama kwa sababu yangu."

Aliishika kalamu hewani. Akaitazama fomu ya awamu ya pili juu na chini, upande wa mbele na wa nyuma. "Naamini unachosema," akasema. "Lakini hapa wanataka idadi ya siku ndovu walipoharibu mazao. Hakuna mahali pa kuandika watu wamehama. Nikiandika pembeni, wataniuliza ni siku ngapi."

Koki akamwambia, "Ungojee, Bw. Nicholas. Elsie, hebu hakikisha tena tarehe."

Alitaka kunisaidia. Alitaka nipate kosa. Nikaifungua programu mbele yao nikaanza upya, kijiji kwa kijiji. Niliandika jina, nukta, amri, nikasoma kwa sauti kila jina. Nilirudia mara nne, Bw. Nicholas akisubiri na kalamu yake, na mara ya nne Koki aliweka mkono wake juu ya wangu akaniambia niache.

Kilulunyi, kuanzia wiki ya kwanza ya Oktoba mpaka wiki ya pili ya Desemba, ni sifuri, kila wiki. Wameiondoa kwenye orodha. Safari hii sikukosea.

Mtoto wa ndugu yako,
Elsie